Utepe wa Sufu

Bibi alituachia vitu vitatu:
deni la duka la Vuga ambalo mdai wake keshakufa,
kikuku cha fedha kisicho na mwenzake,
na utepe wa sufu, rangi ya vumbi,
pima moja na dhiraa mbili,
umekunjwa ndani ya kopo la biskuti.
"Wa Mhindi huo," alisema. "Msiukate."

Leo nimeupeleka kwa Girdhari, fundi cherehani wa Ruwi;
nondo wameanza kuula pembeni.
Ngome ya Bait al-Falaj iko pale pale,
nyeupe kama jino jipya,
na nyuma yake mlima, mweusi, wenye makali,
ule ule.

Baba yake bibi, Mhana bin Shamis,
alishuka kutoka Samail na bunduki ya kuazima
na risasi kumi na nne.
Nisifiche: alikuja kuwaua.
Alikuwa na sababu zake, na hakuzikana hadi kaburini.
Ulaya ilikuwa inaungua Januari ile,
na huku vijana wa Jodhpur na Hyderabad
wamelala na viatu miguuni,
wakilinda bonde lisilo lao
kwa mshahara wa mfalme asiyejua hata mmoja wao anaitwaje.

"Sisi tulikuwa juu," alizoea kusema, "wao chini.
Aliye juu mngoje chini, ndivyo tulivyofunzwa.
Hawa hawakungoja.
Kulipopambazuka walipanda.
Akianguka wa mbele, wa nyuma humruka,
hapigi kelele, anatazama mawe,
anatafuta pa kuweka mguu.
Nimewahi kuona watu hodari. Wale walikuwa hodari
kama mtu aliye kazini."

Risasi ikampata chini ya goti. Akajibanza nyuma ya jabali.
Askari mmoja akamfikia, singe mbele,
akamtazama, akaitazama damu,
akaipiga teke bunduki, ikaporomoka bondeni.
Kisha akainama, akafungua utepe wa mguu wake mwenyewe,
zungusha, zungusha,
akamkaza mpaka akalia.
Hakumpa maji. Hakutaja jina.
Alimtukana, nadhani, kwa lugha yake,
akaendelea kupanda,
muundi mmoja umevaa, mmoja wazi.

Kama alishuka, Mhana hakujua.
Hilo ndilo lililomnyima usingizi Unguja miaka arobaini,
si ile risasi.
Barazani wakianza kuwacheka Wahindi
hunyanyua gongo lake, akaondoka bila kuaga.

Girdhari ananisikiliza na pini mdomoni.
Kiarabu chake cha sokoni, changu cha aliyerudi ukubwani;
tunakutana katikati, kila mmoja na makosa yake.
"Wa kwetu alikwenda Basra," anasema, "babu wa baba.
Ilirudi karatasi."
Basi. Hakuongeza, nami sikumchokonoa.
Anaugeuza utepe kwenye mwanga wa taa.
Doa limekuwa rangi ya kahawa.
"Nilitoe?"
Liache.
"Mguu upi?"
Wa kushoto, nadhani. Hakuna aliyewahi kuuliza.

Anavua ndara, anakunja suruali,
anaanzia kwenye kifundo, anapanda,
kila mzunguko ukikalia nusu ya mwenzake,
na kwenye shavu la mguu anaupindua kidogo
usiteleze. Nani alimfunza, sijui.
Wateja wawili wanangoja na mashati yao.
Anasimama. Anakanyaga mara moja, kwa kishindo,
mikasi inaruka mezani.

Kisha anaufungua, anaukunja, anaandika risiti:
riyali moja na baisa mia mbili,
uje Alhamisi, baada ya alasiri.